Viganja vya Fundi Yohana

Kuna wanaume wazima katika mji huu wa Babati ambao wakiniona sokoni hugeuza uso na kujifanya wanachagua nyanya. Siwalaumu. Nimewachoma sindano za matako, zile nene, na mtu uliyemwona katika hali ile hapendi mkutane tena akiwa na mkewe. Mimi ni muuguzi mstaafu, wengi mnaniita Mama Anjela. Kliniki ya wajawazito na chumba cha kujifungulia ndivyo vilivyokula ujana wangu. Sasa niko nyumbani Nangara, nafuga kuku na kuwasumbua majirani kwa ushauri ambao hawajauomba. Leo zamu yenu, vijana.

Nataka kuzungumza habari za kaswende. Mama yangu aliuita ugonjwa huu sekeneko, na kila alipoutaja alishusha sauti kana kwamba ugonjwa wenyewe uko dirishani unasikiliza. Nyinyi hamshushi sauti, nyinyi mnacheka. Chekeni, lakini msiondoke, maana kuna mtoto mmoja ambaye nimembeba moyoni miaka yote hii, na leo nataka kumtua mbele yenu.

Nianze na aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtaalamu wa maabara, tukimwita Mzee Bura, mtu mwembamba, mkali, mwenye koti jeupe ambalo halikuwahi kuwa na doa. Mzee huyu alikuwa na mazoea ya ajabu. Mgonjwa akiingia, anampa mkono, anamuuliza habari za mashamba, za ng'ombe, za mvua, na mkono haachii. Nilidhani ni uchangamfu tu, nikashangaa, maana sisi wengine hata shikamoo zetu aliziitikia kwa shida.

Siku moja nikamuuliza. Akanishika mkono vilevile, akaugeuza kiganja juu.

"Sista, ukimsalimia mgonjwa usiachie mkono mpaka umekiona kiganja," akaniambia. "Upele wa kaswende unapenda viganja na nyayo. Hauwashi wala hauumi. Mgonjwa hatakwambia, kwa sababu hata yeye hajui kama ni ugonjwa."

Tangu siku ile na mimi nikawa mtu wa kung'ang'ania mikono. Kanisani walidhani nimeokoka upya.

Enzi hizo damu ilichukuliwa mshipani, ikapelekwa maabara, na majibu ukaambiwa njoo wiki ijayo. Mama ametembea kutoka Mutuka na mimba yake, kuna palizi, kuna kuni, kuna mtoto mwingine mgongoni. Wiki ijayo haji. Majibu yanakaa kwenye daftari mpaka siku anapokuja kujifungua, na siku hiyo yamechelewa. Siku hizi ni tone moja la kidoleni, unakaa kwenye benchi dakika chache, jibu hilo hapo. Kipimo kimekuwa chepesi. Binadamu ndiye aliyebaki mzito vilevile.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kaswende haiji na makelele. Kwa kawaida inaanza na kidonda kimoja, pale pale ugonjwa ulipoingilia: kwenye uume, kwenye uke, njia ya haja kubwa, hata mdomoni. Kinatokea wiki chache baada ya kukutana kimwili, mara nyingi kama tatu, kwa wengine huchelewa zaidi. Kingo zake ni ngumu ukizigusa, kama kifungo cha shati kilichofichwa chini ya ngozi. Na hakiumi. Mwanamke anaweza kuwa nacho ndani asikione kabisa. Kinakaa wiki kadhaa, halafu kinakauka chenyewe, hata usipokipaka kitu.

Hapo mtu anashangilia. Kumbe kidonda kimepona, ugonjwa haujaenda popote. Umeingia kwenye damu. Baada ya wiki au miezi unajitokeza tena kwa upele, pengine na homa, tezi kuvimba, nywele kunyonyoka mafungumafungu. Nao huo upele unapotea wenyewe. Kisha kimya, miaka na miaka, na katika kimya hicho kwa wengine unatafuna moyo, ubongo, macho. Kama ni mama mjamzito, unamfuata mtoto humo humo tumboni.

Dawa ipo, wanangu, tena ni ya siku nyingi na bado inaua wadudu wale kwa sindano. Ni penisilini ya unga, inachanganywa na maji, inatikiswa, na usipoichoma taratibu lakini bila kusitasita inaziba sindano katikati ya tako la mtu. Nimewahi kuziba sindano kwenye tako la mzee mmoja wa kanisa, nikalazimika kuanza upya upande wa pili. Mpaka leo hajanisamehe, na kwaya ndiye anayeiongoza. Anayewahi mapema sindano za siku moja humtosha. Aliyekaa nayo muda mrefu, au asiyejua ameanza lini, anachomwa kila wiki kwa wiki tatu. Kama sindano ya penisilini imewahi kukudhuru, sema kabla hujachomwa.

Kwenye kituo chetu cha afya tulikuwa na utaratibu: mama anapokuja kliniki mara ya kwanza, aje na baba wa mtoto, wapimwe pamoja. Waliokuja wawili walihudumiwa kwanza. Aliyekuja peke yake aliambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kueleza mume yuko wapi. Nia ilikuwa njema. Lakini wanaume wa mji huu hawapendi kukaa kwenye benchi la wajawazito, na wanawake hawapendi kurudishwa. Wakapata njia. Mama akawa anamchukua kijana wa bodaboda aliyemleta, anamwambia simama hapa uwe mume wangu saa moja tu. Kijana anavua kofia ngumu, anaingia, anaitika jina la mtu mwingine.

Tulilijua jambo hili. Tulilicheka kwenye chai. Hapo ndipo penye kosa langu.

Paulina alikuja asubuhi moja ya kliniki iliyojaa mpaka mlangoni. Mimba yake ya kwanza, miezi mitano. Aliolewa kutoka Mutuka, akawa anaishi Bagara na mumewe, fundi wa kuchomelea mageti. Majina yao nimeyabadilisha, na habari zao nawaambieni kwa ruhusa yao. Alikuja na mwanaume kijana, mchangamfu, aliyejiandikisha kwa jina la Yohana, fundi.

Tukawapima. Paulina alikutwa na kaswende. Mwanaume hakuwa nayo.

Nikamwambia yule mwanaume, "Baba, hata kama kipimo hakijaona kitu, mwenzi wa mgonjwa naye anachomwa. Kipimo kinaweza kukosa ugonjwa ukiwa mchanga."

"Mama, si umesema mwenyewe mimi sina?" akanijibu, macho yako kwenye pikipiki yake nje. "Mimi niko fresh. Mchome yeye."

Halafu akamgeukia Paulina, akasema, "Dada, nakusubiri nje."

Dada. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu haya. Mwanaume gani wa hapa anamwita mkewe dada? Nilitabasamu, nikajua kabisa huyu ni mume wa kukodi, nikatazama foleni, nikaandika kwenye kadi ya Paulina: mume, Yohana, kaswende hana. Nikapiga muhuri. Niliandika uongo nikijua, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na miguu ilikuwa inaniuma.

Paulina alikuja kwenye sindano zake zote tatu, kila wiki, hakukosa. Nilimwambia asikutane na mumewe mpaka wote wamemaliza dawa. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, nesi." Sikumuuliza mume yupi.

Kilichotokea nyumbani nilikuja kukijua baadaye. Yohana wa kweli aliiona kadi. Alijua fika kwamba hakukanyaga kituoni, na damu iliyopimwa si yake. Lakini kadi ilikuwa na jina lake, na muhuri wa serikali, na inasema hana. Mtu anayetaka kuamini kitu hahitaji zaidi ya hapo. Akaibeba ile kadi mpaka kwa mama yake, akaiweka mezani. Mimi mzima, mke wangu ndiye mwenye ugonjwa wa zinaa, ameutoa wapi? Paulina angesema nini? Akisema aliyepimwa ni dereva wa bodaboda, ataulizwa ilikuwaje aende kliniki na mwanaume mwingine. Akanyamaza. Akaanza kuitwa malaya ndani ya nyumba yake, na mumewe asiyechomwa sindano akaendelea kulala naye kama kawaida.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa zamu chumba cha kujifungulia. Paulina aliletwa na mama mkwe wake, akisema tangu jana mtoto hachezi. Nilitafuta mapigo ya moyo wa mtoto kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilishajua jibu na sikutaka kunyanyua kichwa.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, wa kiume, hana uhai. Ngozi ya viganja na nyayo zake ilikuwa imebabuka. Nilimfunga kwenye kitenge cha mama yake. Paulina hakulia. Aliniuliza tu, "Nesi, si nilichomwa zote?"

"Ulichomwa zote," nikamjibu.

Nikatoka koridoni. Mama mkwe alikuwa amekaa na kadi ya kliniki mapajani. Pembeni yake amesimama mwanaume mrefu, mabega mapana, ovaroli imetobolewatobolewa na moto. Nikamuuliza ni nani.

"Mimi ndiye mume wa Paulina. Yohana."

Mume niliyemwandika alikuwa mfupi. Nikampa mkono wa pole, na mazoea ya Mzee Bura yakafanya kazi kabla hata sijafikiri. Sikuuachia. Nikaugeuza. Kwenye kiganja kulikuwa na madoa mengi madogo, mekundu kuelekea rangi ya kahawia.

"Hizo ni cheche, mama," akasema, akitaka kuuvuta mkono. "Kazi yetu ya moto."

Na kweli alama za cheche zilikuwepo, makovu yake nayafahamu, yako nyuma ya mkono na kwenye vidole. Madoa haya yalikuwa katikati ya kiganja, mahali ambapo fundi anashika chuma chake na moto haufiki. Nikamwomba tuingie chumba cha dawa. Nikafunga mlango.

"Vua viatu, baba."

"Viatu vya nini?"

"Vua tu."

Akavua. Nyayo zote mbili zilikuwa na madoa yale yale.

"Yohana," nikamwambia, "unachomelea na nyayo?"

Akakaa kwenye kiti taratibu, mtu mzima yule, akaanza kutazama nyayo zake kana kwamba ni za mtu mwingine. Nikasubiri. Katika kazi ile nilijifunza kusubiri. Mgonjwa anakuja na malaria ya uongo, unampima malaria, unamaliza, na akishashika kitasa cha mlango ndipo anasema, halafu sista, kuna kingine. Kila mara nilisubiri kitasa. Yohana hakuwa na kitasa, lakini alifika.

"Kilikuwa kidonda kimoja tu," akasema. "Mwanzo wa mwaka, kwenye uume. Nilikuwa nimetoka kazi ya mageti mbali, nikakaa huko wiki nyingi. Hakikuuma, mama. Hata kidogo. Nikanunua kapsuli duka la dawa, nikanywa siku tatu, kikakauka. Nikajua nimepona. Kitu kisichouma nikipeleke hospitali nikaseme nini?"

Vijana, nimesikia maneno mengi katika kazi ile, lakini hayo ndiyo ninayoyasikia mpaka leo. Kingeuma, angekuja. Kidonda kinachouma kinamtoa mtu kitandani, kinampeleka kwa daktari akilia. Hiki cha adabu, kisichosumbua mtu, ndicho kilichomuua mwanawe.

Ningeweza kumpigia kelele. Nilikuwa na hasira za kutosha, lakini nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikwenda kumwomba mama mkwe ile kadi, nikairudisha ndani, nikaiweka mezani mbele ya Yohana. Nikachukua kalamu, nikakata mstari niliouandika mwenyewe, ule wa mume hana. Pembeni nikaandika: mume hakupimwa. Nikaweka sahihi yangu.

"Habari za mwili wako ni siri yako," nikamwambia. "Sitamwambia mama yako, wala mtu yeyote. Lakini uongo huu ni wangu, nami nimeufuta. Mke wako alitibiwa akapona, akarudi nyumbani akaupata tena kwako. Kila unachomwita kwa sababu ya kadi hii, anaitwa kwa kosa langu na lako."

Akalia. Fundi yule alilia akiwa peku, mikono kichwani. Kisha akachomwa sindano, na Paulina naye akachomwa upya siku ileile, na nikaandika kwenye daftari lini warudi.

Niliingia kwa Paulina. Kumweleza habari za mumewe ilikuwa kazi ya mumewe mwenyewe, lakini la kwangu nililazimika kulisema mwenyewe. Nikamwambia nilijua yule hakuwa mume wake, na nikaandika hivyo hivyo.

"Nilidhani nimekudanganya vizuri," akasema. "Kumbe tulikuwa wawili."

Sikuomba anisamehe. Nilikaa kando ya kitanda mpaka zamu ikaisha.

Alichosema Yohana kwa mama yake sikijui. Najua kwamba Paulina hakurudishwa Mutuka, na kwamba mama mkwe alikuja kituoni siku chache baadaye na uji kwenye chupa, akaomba kumnywesha mkwe wake mwenyewe. Mimi nilikwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, nikamweleza nilichofanya. Nilipewa onyo, nikalistahili. Tukabadilisha mambo mawili. Mama aliyekuja peke yake hakurudishwa tena kwa barua wala kuwekwa nyuma ya foleni, kwa hiyo hakuwa na haja ya kukodi mtu. Na wanaume tukawatengea jioni yao, baada ya kazi, mlango wa pembeni. Walianza kuja mmoja mmoja, kofia zimevutwa machoni kama wezi.

Kuhusu waume wa kukodi, walioendelea kuletwa nilikuwa na dawa yao. Nilimwambia kila mume, kwa sauti ya upole, kwamba mwenzi wa mgonjwa anachomwa sindano mbili, tako la kulia na la kushoto, leo hii. Kijana mmoja aliruka hata sijamaliza. "Mama, mimi nimemleta tu! Pikipiki yangu ile pale!" Nilicheka, lakini sikuandika kitu mpaka nilipojua baba wa mtoto ni nani na tutampataje.

Basi nisikilizeni wajukuu zangu. Ukiona kidonda sehemu za siri au mdomoni, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi, nenda. Usisubiri kikauke. Usinunue kapsuli. Ukifika usiseme malaria, sema hivi: nina kidonda sehemu za siri, nataka kupimwa kaswende. Ni sentensi moja, na nawahakikishia aliyekaa mbele yako ameisikia mara nyingi, hatashtuka. Kama umepimwa mapema ukaambiwa huna, na kidonda unacho, uliza urudi lini kupimwa tena. Uliyekutana naye mpeleke, hata kama mmeachana, hata kama mmegombana. Na mkishachomwa msikutane kimwili mpaka mwambiwe tayari. Jambo jingine: kile kipimo cha kidoleni kinaweza kusema unayo maisha yako yote hata baada ya kupona, kwa hiyo usipaniki wala usimtuhumu mtu. Mweleze nesi ulishatibiwa, kipo kipimo kingine cha kupima nguvu ya ugonjwa. Na ukishapona unaweza kuupata tena. Paulina anawaambieni hilo kupitia kwangu.

Mwaka mmoja na nusu hivi baadaye, asubuhi ya kliniki, nilitoka kuita majina. Kwenye benchi, katikati ya wajawazito na vitenge vyao, alikaa mwanaume mrefu mwenye ovaroli iliyotobolewa na moto, magoti yamekunjwa kwa sababu benchi lilikuwa fupi kwake. Wanawake walikuwa wanamcheka kwa siri. Paulina alikuwa pembeni yake, mkono juu ya tumbo.

"Yohana, fundi," nikaita.

"Nipo," akaitika, akasimama yeye mwenyewe.

Walipimwa wakati huo na miezi iliyofuata, na daktari aliwafuatilia mpaka mwisho. Siku ya kujifungua sikuwa zamu. Nilikwenda. Mtoto alitoka alfajiri jua linaanza kugusa mlima Kwaraa, wa kike, analia kwa hasira kweli kweli. Nikamfuta, nikamlaza kifuani kwa mama yake, na kabla sijafanya kitu kingine chochote nikakishika kingumi chake na kukifungua kwa kidole changu, taratibu. Kiganja kilikuwa safi. Nikafungua cha pili. Nikatazama nyayo.

Yohana alikuwa ameruhusiwa kuingia. Aliniona nimeinama pale, akabaki mlangoni, hasogei.

"Mama," akauliza, "kuna nini?"

Mtoto alikuwa amekishika kidole changu na hataki kukiachia.

"Hakuna kitu, baba," nikamwambia. "Namsalimia tu."